Herufi Kumi na Moja za Mwalimu

Jina la Bi Mashine hakupewa kwa hisani. Alilichuma kwa vidole vyake mwenyewe katika ofisi ya elimu, alikopiga chapa miaka thelathini na minne, kwanza kwenye taipu ya chuma iliyolia kama mvua ya mawe juu ya bati, halafu kwenye kompyuta zilipoingia. Shule yake ilikuwa ya msingi tu, akaishia hapo, lakini makarani wenye vyeti vya kujaza ukuta walimpelekea barua zao azinyooshe. Akichapa hakutazama vidole. Alitazama karatasi, na mara nyingine alikutazama wewe uliyesimama mlangoni ukimsumbua, na barua ikaendelea kwenda bila kosa huku akikujibu.

Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili, amestaafu zamani, na hakuna aliyemletea barua. Alikuwa na mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe ni mumewe, ambaye mtaa mzima, na mkewe pia, walimwita Mwalimu. Kiharusi kilimkuta Jumanne asubuhi akifunga kamba za viatu. Hospitali walimrudishia mguu, wakamrudishia nusu ya mkono, na wiki ya tatu wakamrudishia sauti. Ila sauti iliporudi haikuja na Kiswahili. Ilikuja na lugha ya mama yake.

Lugha hiyo ilikuwa ya vijiji vichache vya mbali, na Mwalimu aliiacha huko alipotoka kijana kwenda kusomea ualimu. Katika nyumba yake na mkewe hawakuizungumza. Bi Mashine alikuwa mtu wa kwingine, watoto walikua na Kiswahili, na mama mkwe alipokuja kutembea alikuja na Kiswahili chake cha kubahatisha, wakaelewana kwa kucheka. Jamaa za Mwalimu waliobaki ni wawili. Mmoja simu yake haikupatikana tena. Mwingine ni kaka yake mkubwa, naye alipopigiwa aliuliza mara nne ni nani anayepiga, akashukuru kwa salamu, akakata. Alikuwa kiziwi kwa miaka mingi, na simu aliishika kwa heshima tu.

Basi kila asubuhi Mwalimu aliinua ule mkono wake wa nusu, akasema maneno yaleyale, mafupi, yanayoanzia puani na kuishia ndani kabisa ya koo. Walimletea maji. Akanywa kwa adabu, akarudia. Wakaleta uji, wakaleta blanketi, wakafungua dirisha, wakafunga dirisha. Binti yao kitindamimba, karani wa bohari aliyekuwa bado akiishi nao, alimwekea redio upande huu na upande ule. Mwalimu aliwatazama kama alivyokuwa akilitazama darasa lisilofanya kazi za nyumbani, akarudia.

Daktari alimwambia Bi Mashine jambo ambalo lilimkaa kifuani. Alisema mtu asiyejibiwa mwishowe hunyamaza, na huyu akinyamaza sasa huenda asiseme tena. Na kweli, kufikia mwezi wa pili Mwalimu alikuwa akiyasema yale maneno kwa sauti ya chini, na siku nyingine aliinua mkono tu, akaushusha.

Hapo ndipo Bi Mashine alipokumbuka diski.

Zamani, enzi za ofisi, Mwalimu aliamua kuandika kamusi ya lugha ya mama yake kabla haijapotea. Kwa miaka sita, kila Jumamosi mchana ofisi ikishafungwa, alikuja na daftari lake, akaketi kwenye kiti cha wageni, akasoma neno kwa sauti, na mkewe akachapa. Neno, maana yake kwa Kiswahili, na chini yake sentensi moja ya mfano pamoja na tafsiri. Maneno elfu tatu na ushee. Watu wa ofisi waliwatania kwamba wengine Jumamosi wanakwenda kustarehe na hawa wawili wanakwenda kutamka. Bi Mashine hakujifunza ile lugha, maana mpiga chapa hodari hasomi, anapitisha tu. Lakini sauti zake alizijua moja moja, kama mama anavyowajua watoto kwa kikohozi.

Madaftari yaliliwa na mchwa. Nakala pekee iliyochapwa ilipelekwa kwa mchapishaji ambaye alifunga duka na kuhama bila kuaga. Kompyuta ya ofisi iliuzwa kama vyuma chakavu. Ikabaki diski moja, ile bapa ya plastiki, ndani ya kopo la biskuti pamoja na vifungo na risiti. Binti aliipeleka kazini kwao, wakaipatia kisomeo cha kale, akarudi na faili kwenye kompyuta yake ya mkononi, furaha tele. Akaifungua mbele ya mama yake.

Kiswahili kilikuwepo, safi. Lakini kila neno la Mwalimu lilikuwa limeharibika katikati, lina herufi za ajabu ambazo hakuna mwanadamu wa nyumba ile aliyewahi kuziona: d iliyokatwa shingo, y yenye nukta mbili kichwani, alama kama ya mizani iliyopinda. Binti, kwa wema wake, akabonyeza kitufe cha kurekebisha, akahifadhi. Alipoifungua tena, zile herufi za ajabu zote zilikuwa alama za kuuliza. Ukurasa baada ya ukurasa, kamusi nzima ilikuwa inauliza.

Bi Mashine hakumgombeza. Alimwambia tu arudishe diski mahali pake, na kwamba kesho atakwenda kwa Fundi Kimya.

Fundi Kimya alikuwa na kibanda karibu na duka la vitabu vya shule. Alianza maisha akitengeneza taipu, na taipu ya Bi Mashine ilipita mikononi mwake mara nyingi, kisha ulimwengu ulipogeuka akageuka nao akawa wa kompyuta. Kimya walimwita kwa sababu maneno aliyatoa kama mtu anayetoa jino. Alimsikiliza mama yule mpaka mwisho, akaichukua diski, akaiingiza kwenye kisomeo chake, akafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala rangi, maandishi meupe tu na kistari kinachopepesa. Bi Mashine alilipenda dirisha lile palepale. Lilimkumbusha kazi.

Fundi alimweleza, na kwa kipimo chake ile ilikuwa hotuba. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Namba tisini na saba ni a, na hiyo dunia nzima wamekubaliana. Lakini ukivuka mia na ishirini na saba, zamani kila nyumba ilijipangia yake. Sasa kuna mpango mmoja mkubwa wenye nafasi ya herufi za watu wote, na kipo chombo kinaitwa iconv, unakiambia faili hii itoke mpango fulani iende mpango fulani, nacho kinahamisha. Unakiandikia kwa mstari mmoja. Hakina vitufe vya kubembeleza.

Akaandika mstari, mwishoni akaweka alama ya mshale na jina jipya la faili ya kumiminia, akabonyeza. Faili ikahama. Alama za kuuliza hazikuwemo, maana hii ilitoka kwenye diski ya asili. Lakini ile d iliyokatwa shingo ilikuwa palepale, na wenzake wote.

Fundi alikuna kidevu. Akamuuliza mama kama zile herufi za pekee zilikuwa na fonti yake. Bi Mashine akasema ndiyo, alizichora fundi wa kiwanda cha chapa, marehemu sasa, herufi kumi na moja, akazipachika juu ya zile zisizotumika. Basi ndiyo hiyo, Fundi akasema. Iconv imehamisha kwa uaminifu kile ilichokiona. Namba mia mbili na arubaini imeikuta, imeipeleka kwenye d yenye shingo iliyokatwa, kwa sababu ndiyo maana yake rasmi. Kwamba ninyi wawili na marehemu mliafikiana ni kitu kingine, hilo haiwezi kulijua. Linahitajika jedwali: namba hii ni herufi hii.

"Jedwali liko wapi, Mama?"

"Lilikuwa limebandikwa ukutani ofisini," akasema Bi Mashine. "Na ukuta wenyewe wameubomoa."

Fundi akatoka kwenda kunywa chai, kama ilivyo desturi yake akitaka kufikiri. Bi Mashine akabaki na dirisha jeusi. Sasa, mtu aliyefundishwa zamani kwamba barua moja ni karatasi moja hapendi kuona mafaili yamezagaa, la mwanzo, la pili, la majaribio. Alikuwa ameutazama ule mstari wa Fundi na tayari aliujua kwa moyo. Akauandika upya, herufi kwa herufi, bila kutazama vidole, ila mwishoni baada ya ule mshale wa kumiminia hakuweka jina jipya. Aliweka jina lilelile la faili, ili iwe moja tu, safi. Akabonyeza.

Dirisha likajibu haraka kupita kiasi. Akafungua faili. Ilikuwa tupu. Hakuna hata nukta.

Alikaa pale mikono mapajani. Aliona maneno elfu tatu, na Jumamosi zote zile, na kiti cha wageni, vyote vimekwenda kwa kidole chake, chake yeye ambaye hakuwahi kukosea. Fundi aliporudi na kikombe alimkuta machozi yanamtoka bila sauti, na alipomuuliza, mama yule alionyesha skrini kwa kidevu.

Fundi akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu taipu ya kwanza, Bi Mashine alimwona anacheka.

"Mama, mshale ule kabla haujamimina huosha kwanza chungu cha kumiminia. Chungu ulichoupa ndicho kilichokuwa na maziwa."

"Nimeshaosha, mwanangu. Nifanyeje?"

"Kwani uliona nimekupa ya asili? Mtu akinijia na diski, nakala kwanza, salamu baadaye. Ninazo tatu."

Bi Mashine akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akamwambia kwamba angekuwa na adabu angesema hivyo kabla ya kwenda kunywa chai. Fundi akakubali kosa. Tangu hapo kila faili iliyoandikwa ilipewa jina jipya, na asili haikuguswa.

Kilichobaki ni jedwali. Fundi alimuuliza anakumbuka namba zipi, na mama yule akafumba macho, akatafuta kichwani, asipate hata moja. Akaona haya. Mtu mwenye kumbukumbu ya harusi ya kila jirani, nguo waliyovaa na nani alichelewa, leo namba kumi na moja zimemshinda. Fundi akafikiri kidogo, akamuuliza zamani alizichapa vipi. Hizo herufi hazikuwa na vitufe, sasa?

Bi Mashine akasema alishikilia kile kitufe cha pembeni kilichoandikwa Alt kwa kidole gumba cha kushoto, na mkono wa kulia ukagonga tarakimu nne kule pembeni, kwenye vitufe vya hesabu. Alipokuwa akieleza, mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, nao ukagonga. Wote wawili wakautazama.

Fundi akamsogezea kibodi kubwa ya zamani yenye vitufe vya hesabu. Akazima skrini ili mama asijione. Akamwambia asifikiri namba, afikiri neno lolote alilolikumbuka sauti yake, achape. Bi Mashine akasikia kichwani Mwalimu akitamka neno lenye sauti ya puani, na mkono ukaenda wenyewe: sifuri, mbili, nne, sifuri. Fundi akaandika. Sauti ya midomo iliyofungwa: sifuri, mbili, tano, nne. Fundi akaandika. Zikatoka nane hivyohivyo, moja baada ya nyingine, na kila moja Fundi aliihakikisha kwenye faili, akaichora kwa kalamu, akaitafutia mahali pake kwenye ule mpango mkubwa wa watu wote.

Zikabaki tatu, na hizo tatu zote ni za kooni, ndugu wa tumbo moja. Namba zilizobaki zilikuwa tatu pia, lakini ipi ya nani? Kila Bi Mashine alipojaribu, mkono ulisitasita, ukagonga hii, ukabadili. Sauti zilikuwa zimechanganyika kichwani mwake. Alikuwa hajaisikia ile lugha ikisemwa kwa utulivu miaka ishirini, na hii ya sasa aliisikia kwa wasiwasi, akikimbilia maji.

Ni yeye aliyesema lifanyike nini. Alimwambia Fundi abebe kibodi.

Chumba cha mgonjwa kilikuwa na kitanda, kiti, na meza ndogo ya dawa. Binti aliondoa dawa, Fundi akaweka kompyuta na kibodi, na Bi Mashine akaketi ubavuni mwa kitanda, mgongo wima kama mtu aliyeajiriwa. Mwalimu alifungua macho. Alimwona mkewe, akaiona kibodi, akaiona mikono yake imekaa tayari. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akafanya ambalo hakulifanya kwa wiki mbili: akakohoa kusafisha koo, kama afanyavyo mwalimu kabla ya imla, akasema yale maneno yake polepole, akiyakata vipande.

Mkono wa Bi Mashine ukaenda. Haukusita. Mwalimu akasema neno jingine, na jingine, maneno tu ya kuendeleza kazi, na kila sauti ya kooni iliyotoka mkono uliijua ya kwake. Fundi alisimama nyuma akiandika, na binti aliyekuwa mlangoni na sinia alisahau kwamba ameshika sinia.

Fundi alimaliza jedwali kwa mistari kumi na moja, badala ya hii weka hii, akahamisha faili ya asili upya kwenda kwenye jina jipya, akapitisha jedwali juu yake. Dirisha jeusi likatulia. Akafungua. Maneno yalikuwa yamekaa mazima, yana mikia yao na nukta zao, kama yalivyokuwa siku yalipochapwa.

"Sasa tafuta," Fundi akasema, akamwonyesha amri nyingine fupi ya kutafutia, akasogea pembeni.

Bi Mashine akaandika yale maneno ya kila asubuhi. Dirisha likaleta mstari mmoja na tafsiri yake. Ilikuwa sentensi ya mfano ambayo Mwalimu aliitunga mwenyewe na yeye akaichapa Jumamosi moja bila kuisoma: *Ninyoe, wageni wasinikute hivi.*

Kisha wote watatu wakamgeukia Mwalimu, wakamwona. Miezi miwili mke na binti walikuwa wamemwosha, wamemlisha, wamemgeuza kwa saa, na hakuna aliyeutazama uso wake kama uso. Ndevu nyeupe zilikuwa zimemjaa mpaka shingoni, zimesimama kila moja upande wake. Huyu ambaye kwa miaka arubaini hakuingia darasani bila kunyoa, hata siku ya msiba wa mama yake. Na watu walikuwa wakija, jirani kwa jirani, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani wenye wajukuu, wakimkuta hivyo, na yeye akiugeuzia uso ukuta. Walidhani ni ugonjwa.

"Baba," binti akasema, akaweka sinia chini.

Bi Mashine alikuwa ameshasimama. Aliagiza maji ya moto, taulo, wembe mpya, sabuni ya mche maana nyingine haikuwepo. Alimwinua Mwalimu kwa mto, akamfunga taulo shingoni, akamlainishia ndevu kwa kitambaa. Fundi alitaka kuaga akaambiwa akae, yeye ni mgeni na atangoja kama wageni wengine.

Alianza shavu la kulia. Hakuwahi kumnyoa mtu maishani mwake. Wembe ulikwenda kwa wasiwasi, ukaruka hapa, ukarudia pale, povu likamdondokea mumewe kifuani. Mwalimu alifumba macho akavumilia. Nusu ya uso ilipotokea, wembamba wa shavu lake ulimshtua mkewe, akasimama kidogo akaligusa kwa mgongo wa kidole. Hapo Mwalimu akafungua jicho moja, akasema neno jipya, moja tu, kwa sauti iliyosikika mpaka ukumbini.

"Amesema nini?" binti akauliza.

"Ngoja," akasema Bi Mashine. Akaweka wembe kwenye bakuli, akaenda mezani na povu lake mikononi, akachapa kwa uangalifu, sauti ya midomo kwanza, ya kooni mwisho. Vitufe vikalowa. Fundi aliona kibodi yake inaingia sabuni, akanyamaza, kama jina lake.

Dirisha likajibu. Bi Mashine akasoma kimoyomoyo, akasoma tena, mabega yakaanza kumtikisika.

"Mama, anaumwa?"

"Anaumwa nini huyu. Ameniita mwanagenzi." Akarudi kitandani, akauchukua wembe, akamshika mumewe kidevu akakigeuza kwenye mwanga. "Mimi mwanagenzi, Mwalimu? Tulia basi, umebakiwa na nusu."

Mwalimu akatulia. Na nusu ile ya mdomo wake iliyokuwa hai, ikacheka.